Waliandika mwanangu alianguka mtihani siku ile tukimzika babake

Safu hii hujibu maswali ya wasomaji wenye jamaa katika jeshi la Marekani. Anayejibu ni mama wa Nakuru aliyetumika miaka 20 katika jeshi la nchi kavu la Marekani akiwa karani wa kumbukumbu za askari. Sasa amestaafu na anaishi Kiamunyi.

SWALI: Dada, mimi ni mjane wa Ahero. Mwanangu wa pili alishinda bahati nasibu ya grinikadi, akaenda Marekani, akaingia jeshi, na sasa ni stafu sajini huko Texas. Mwezi wa tatu 2024 alikuja kumzika babake. Alifika Jumatatu tarehe 4 na akaondoka Jumamosi tarehe 23. Alipewa ripoti yake ya mwaka, na ndani imeandikwa kwamba alianguka mtihani wa mazoezi ya mwili Ijumaa tarehe 15 mwezi wa tatu. Dada, tarehe 15 ndiyo siku tuliyomzika mzee. Nilimwona mwanangu kwa macho yangu ameshika sepetu, ametoa koti, anafukia kaburi pamoja na binamu zake. Ripoti inaongeza kwamba hana moyo wa uongozi na hajitumi kazini. Aliitia sahihi bila kuisoma vizuri kwa sababu kilio kilikuwa bado kimemkaa. Mwaka jana wenzake walipandishwa cheo, yeye akarukwa. Anasema amesamehe. Mimi sijaweza. Je, naweza kuwaandikia wakubwa wake barua? Na hiyo ripoti hubadilishwa kweli, ama jeshi likishaandika limeandika?
Mama wa askari, Ahero, Kisumu

JIBU: Mama, pole sana kwa kumpoteza mzee. Barua yako niliisoma mara ya kwanza ndani ya matatu nikitoka mjini, nikairudia nyumbani nikiwa na kalamu. Pale uliposema ametoa koti ameshika sepetu nilipiga mstari mara mbili, na nitakueleza kwa nini.

Ripoti hubadilishwa. Kwa miaka niliyokaa kwenye dawati lile nimeona mstari mmoja ukifutwa, nimeona ripoti nzima ikitolewa kwenye faili, na yangu mwenyewe ilirekebishwa. Ila si wewe wa kuomba. Mwanao yu hai na ana akili zake timamu, kwa hiyo ombi ni lake na sahihi ni yake. Sheria inampa nafasi mrithi au mwakilishi wa kisheria pale tu mhusika mwenyewe hawezi. Barua ya mama kwa kamanda, hata ikiwa kweli tupu, itawekwa kando. Kazi yako ni nyingine, nayo ni kubwa: ushahidi anaouhitaji mwanao uko nyumbani kwako.

Kwanza tuitenganishe hiyo ripoti, maana imebeba vitu viwili vya aina mbalimbali. Kuna jambo la ukweli: tarehe 15 alifanya mtihani akaanguka. Hilo ama lilitokea ama halikutokea. Halafu kuna maoni: hana moyo wa uongozi. Askari wengi huanza kupigana na maoni kwa sababu ndiyo yanayouma. Mimi pia nilianza hapo, na nilipoteza miezi mingi.

Mwaka 2009 nilipewa ripoti iliyosema sikuwa makini na mali ya jeshi. Wakati huo fomu ilikuwa ile ya zamani, yenye sehemu ya uwajibikaji, na kwenye kisanduku hicho nikawekewa alama ya kwamba nahitaji kuboresha. Chini yake sentensi moja: alipoteza miwani mitano ya kuonea usiku. Sikuwahi kuishika miwani hiyo. Ilikuwa chini ya sajini mwingine aliyehamishwa wiki chache kabla. Nililia chooni, kisha nikakaa nikaandika kurasa tatu. Nilieleza jinsi mtathmini wangu alivyonidharau, jinsi alivyocheka lafudhi yangu, jinsi nilivyokuwa wa kwanza kufika ofisini kila asubuhi. Yote yalikuwa kweli. Ombi lilirudi limekataliwa.

Mama mmoja Mwafrika-Mmarekani, mkubwa wangu katika ukarani, aliziweka zile kurasa tatu mezani na kuniuliza swali moja: sahihi ya nani iko kwenye hati ya kupokea vifaa? Nilikuwa sijaitafuta. Nilienda stoo siku hiyohiyo. Hati ilikuwa kwenye faili la rangi ya samawati, karatasi moja, miwani mitano imeorodheshwa kwa namba zake, na chini sahihi ya yule sajini aliyehama. Jina langu halikuwapo popote. Niliongeza maelezo ya watu wawili waliokuwepo siku ya kukabidhiana vifaa, nikaandika nusu ukurasa, nikapeleka upya. Sentensi ilifutwa na alama ikabadilishwa. Kurasa zile tatu ninazo hadi leo, na sitaki mwanao aandike za namna hiyo.

Kwa hiyo tuanze na tarehe 15. Mwanao aombe kikosi chake kadi ya alama ya mtihani wa siku hiyo, ile fomu 705. Mtihani wa 2024 ulikuwa na sehemu sita, kuanzia kuinua uzito hadi mbio za maili mbili, na kila sehemu huandikwa alama na msimamizi akatia sahihi. Kama mtu alianguka, kadi ipo na inaonyesha alianguka wapi. Kama kadi haipo, au ipo tupu, hilo ni jibu. Nitakuambia nilichokiona mara kadhaa kwa macho yangu: karani amepewa orodha ya waliofanya mtihani, jina halina alama, hakuuliza mtu yuko wapi, akaandika ameanguka. Huenda hakuna aliyemchukia mwanao. Lakini kosa lisilo na chuki huharibu cheo sawasawa na lenye chuki.

Sasa njoo nyumbani kwako. Mzee alipofariki, mtu aliwasiliana na Msalaba Mwekundu wa Marekani ili mwanao apewe ruhusa ya dharura, maana ndio wanaothibitisha msiba na kupeleka ujumbe kwa kamanda. Ujumbe huo una tarehe, na mwanao anaweza kuomba nakala. Wewe una kibali cha mazishi na cheti cha kifo. Una programu ya mazishi yenye picha ya mzee na tarehe ya Ijumaa. Kama programu iko kwa Kidholuo, itafsiriwe na mtu anayeweza kutia sahihi kwamba tafsiri ni sahihi, kwa sababu wajumbe wa bodi ya jeshi inayosikiliza rufaa, watakaoisoma, hawakijui Kidholuo. Na picha za mazishi, mama: ndizo nilizoziwaza nilipopiga ule mstari. Tafuta aliyempiga mwanao picha na sepetu. Usikubali nakala iliyopita kwenye WhatsApp mara kumi. Mwambie mwenye simu akutumie picha yenyewe kwa barua pepe, kwa sababu mara nyingi huhifadhi ndani yake siku na saa ilipopigwa.

Mwanao naye ana vyake. Pasipoti ina muhuri wa kuingia na kutoka. Ana tiketi za ndege. Siku zangu likizo ilikuwa kwenye fomu 31, lakini tangu 2023 inapitia mfumo wa kompyuta wa jeshi uitwao IPPS-A, na humo kuna tarehe ya kuondoka na ya kurudi pamoja na jina la aliyeidhinisha. Hati yake ya mshahara ya mwezi wa tatu inaonyesha siku za likizo zilizokatwa. Hiyo ya mwisho watu huisahau, nami naipenda kuliko zote, kwa sababu ni jeshi lenyewe linakiri kwamba siku hizo hakuwa kazini. Jeshi halitaweza kumkata likizo ya tarehe 15 kisha limwangushe mtihani wa tarehe 15.

Umenieleza kuhusu sahihi. Hapo kuna shida, na sitaificha. Askari anapotia sahihi ripoti yake, hakubali maoni ya waliomtathmini. Lakini anathibitisha kwamba taarifa za kawaida ni sahihi: jina, tarehe, majina ya watathmini, urefu na uzito, na matokeo ya mtihani wa mwili. Kanuni inasema wazi kwamba akirudi baadaye kulalamika juu ya sehemu hizo alizothibitisha, atasikilizwa tu kukiwa na sababu nzito isiyo ya kawaida. Kwa hiyo asijifanye kwamba hakutia. Aeleze kwa sentensi mbili au tatu: alitia sahihi baada ya kurudi kutoka kumzika baba yake, hakuona kosa, na hizi hapa hati. Kama sababu nzito zipo duniani, hii ni mojawapo.

Halafu yale maoni. Bodi huanza na imani kwamba ripoti ni sahihi na kwamba walioiandika waliandika wanachoamini wakati ule. Anayepinga ndiye mwenye mzigo, na mzigo wenyewe ni ushahidi ulio wazi na wa kusadikisha. Mwanao asome ripoti polepole aone kama lile la uongozi limejengwa juu ya lile la mtihani. Watathmini hutakiwa kueleza mtu akianguka mtihani, na mara nyingi maelezo hayo humwagika hadi kwenye uongozi na bidii. Ikiwa ndivyo, aombe waziwazi: rekebisheni matokeo, na mfute sentensi hii na hii zilizotokana nayo. Aandike maneno yenyewe anayotaka yatoke. Asiandike kwamba anataka haki tu, kwa kuwa bodi haiwezi kufuta neno ambalo hukulitaja.

Kama lile la uongozi limesimama peke yake, atahitaji watu waliomwona kazini miezi hiyo: askari aliowaongoza, sajini wa kikosi jirani, ofisa aliyekwenda nao mazoezini. Waandike walichoona, lini na wapi. Barua ya mchungaji wenu haitafaa hapa, hata awe amemjua tangu ubatizo. Na mtathmini akibadilisha mawazo leo kwa huruma, baada ya kuona kijana amerukwa cheo, hilo halihesabiki. Linalohesabika ni akikiri kwamba alikosea jambo fulani la ukweli, kwa mfano kwamba hakujua kijana alikuwa Kenya. Pia wako watakaomshauri aseme kwamba hakupewa ushauri wa kila robo mwaka kama kanuni inavyotaka. Aseme kama ni kweli, lakini asitegemee hilo peke yake. Halitoshi kubatilisha ripoti.

Njia yenyewe iko hivi. Angeweza kuomba kamanda afanye uchunguzi mara tu ripoti ilipotoka. Kamanda anaweza kuonyesha kosa, ila haruhusiwi kuwalazimisha watathmini wabadilishe maoni yao. Sasa muda umepita, aende moja kwa moja kwenye rufaa. Anaandika ombi rasmi, anaambatisha hati, linakwenda kwenye makao ya utumishi wa jeshi huko Fort Knox, Kentucky. Makosa ya kitaarifa huamuliwa huko. Yanayogusa haki na uamuzi wa watathmini hupelekwa kwa bodi maalum ya mapitio. Akishindwa hapo, bado ipo Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Jeshi, ambayo wajumbe wake ni raia, si wanajeshi. Unaiendea kwa fomu 149, na ni lazima uwe umemaliza ngazi za chini kwanza. Wengi huruka ngazi, wanarudishwa, mwaka umepotea.

Sasa sikiliza kuhusu tarehe. Rufaa inayopinga kiini cha ripoti hupelekwa ndani ya miaka mitatu tangu siku ya mwisho ya kipindi cha ripoti. Hawahesabu kuanzia siku aliyotia sahihi, wala siku aliyorukwa cheo. Kama ripoti yake inaishia 31 Mei 2024, mlango unafungwa 31 Mei 2027. Makosa ya kitaarifa husikilizwa hata baadaye, lakini kadiri unavyochelewa ndivyo kadi zinavyopotea na mashahidi wanavyohama. Na aende kwa wanasheria wa jeshi walio kambini kwake. Wanawasaidia askari bure, nami nimeona ombi la kurasa tisa likitoka ofisini kwao likiwa kurasa mbili zenye nguvu kuliko zile tisa.

Umesema amesamehe. Namheshimu kwa hilo, na asiache. Lakini mwambie hivi kwa maneno yako: wanaoamua nani awe sajini daraja la juu hawamjui, hawatakutana naye, wanasoma faili tu. Wakifika kwenye ukurasa ule wanaona mtu aliyeanguka. Akimsamehe mtathmini wake, ukurasa unabaki vilevile. Akifaulu, anaweza pia kuomba faili lake litazamwe upya na bodi ya ziada kwa ajili ya cheo alichokosa.

Kusanya hizo hati wiki hii, mama. Zipige picha za kusomeka kabla hujazituma, na zile asili usizitoe nyumbani.

SWALI: Habari yako mama. Niliacha jeshi la Marekani 2016 na sasa nafuga kuku hapa Webuye. Ripoti yangu ya 2014 ina kashfa ambayo si yangu, na juzi nimepata kwa mara ya kwanza barua ya mwenzangu inayothibitisha. Kuna mtu Eldoret anadai shilingi elfu sitini afungue faili langu. Nimechelewa?
Askari wa zamani, Webuye

JIBU: Kijana wangu, usimpe huyo hata shilingi. Kuomba kwenye bodi ya fomu 149 hakuna ada, na huhitaji wakili ndipo usikilizwe. Unaweza kuomba ukiwa Webuye sawa na aliye Washington.

Sheria inataka uombe ndani ya miaka mitatu tangu ulipogundua kosa. Bodi ina uwezo wa kusamehe kuchelewa ikiona haki inadai hivyo, lakini haitakuhurumia bila kuelezwa. Fomu yenyewe ina sehemu ya kueleza tarehe uliyogundua na sababu ya kuchelewa. Ieleze barua ya mwenzako: ilifika lini, ilifikaje, na kwa nini hungeweza kuipata mapema. Ukisema tu kwamba hukujua utaratibu, sababu hiyo ni nyembamba.

Kabla ya hapo, agiza nakala ya faili lako kutoka kituo cha kumbukumbu za askari kilichoko St. Louis. Wengi hubishana na ripoti wanayoikumbuka, kumbe iliyoko kwenye faili ina maneno mengine. Ukishapeleka, jitayarishe kungoja. Sheria inaitaka bodi imalize kesi tisa kati ya kumi ndani ya miezi 10, na isipitishe miezi 18. Mara nyingi huamua kwa kusoma karatasi bila kukuita, kwa hiyo usiache jambo eti utalisema mbele yao. Ikikukatalia, unaweza kurudi ukiwa na ushahidi mpya ambao haukuwa mbele yao.

SWALI: Shangazi, mimi ni stafu sajini, mzaliwa wa Kakamega. Ripoti yangu nzima ni ya sifa, hakuna hata neno baya, lakini mtathmini mkuu aliniweka kisanduku cha pili, anafaa sana, badala ya cha kwanza, anafaa kuliko wote. Wenzangu wananiambia nikate rufaa. Nifanyeje?
Sajini, Kakamega

JIBU: Usikate. Kwa vyeo vya stafu sajini kwenda juu, mtathmini mkuu haruhusiwi kuweka zaidi ya asilimia 24 ya watu wake kwenye kisanduku cha kwanza. Akiwa na stafu sajini wanane wote hodari, nafasi zinapatikana kwa mmoja tu. Hakuna kosa la kurekebisha hapo, na bodi haitakupa kisanduku cha mtu mwingine. Kisanduku cha pili chenye maneno mazito kimewapandisha wengi cheo, na mimi ni mmoja wao. Mwombe akueleze ana kwa ana mwaka huu anatafuta nini, kisha uandike alichosema na tarehe kwenye daftari lako.